Magamba Ndani ya Maji ya Kunywa

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Kasulu kwa sababu ya mtoto. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha, dada wa kazi niliyempata alikuwa amekula kona bila hata kuaga, na mkuu wa shule alishaanza kuniuliza, kwa upole ule unaoudhi, kwamba darasani narudi lini. Mume wangu akaondoka na pikipiki kwenda Heru Juu, akarudi jioni amempakia mama yake, mkungu wa ndizi umefungwa ubavuni na jembe lake kalishika mkononi utadhani tungemnyang'anya. Shamba la muhogo na maharage alikuwa amemwachia mdogo wake. "Nimekuja kulea," alisema, akamtoa binti yangu mikononi mwangu kabla sijamwambia karibu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Nilipoajiriwa ualimu mwaka 2012 nilipangiwa Kibondo, na kwetu walilia kama wenye msiba, maana Kigoma yote waliijua kwa wakimbizi na uchawi basi. Uchawi sikuuona. Niliona baridi ya asubuhi, migomba, na kijana mmoja wa halmashauri mwenye maneno matamu. Tukaoana, tukapata mtoto, yeye akahamishiwa Kasulu nami nikaomba kumfuata. Haya ninayoyasimulia ni ya mwaka 2014, tukiwa tumepanga nyumba ya vyumba vitatu karibu na mjini, mtoto ameanza kushika meza na kusimama.

Mama mkwe aliniita mwalimu. Nilimwomba aniite mwanangu, au hata kwa jina langu tu, akaitikia vizuri kabisa: "Sawa, mwalimu." Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, Kiha changu kilikuwa salamu tu, mwakeye na majibu yake, na baada ya hapo tulibaki tunatazamana. Kitu kilichotuunganisha kilikuwa mtoto, na mtoto alimpenda bibi yake kuliko alivyonipenda mimi. Silalamiki. Niliondoka asubuhi kwenda kufundisha nikarudi mchana, na muda wote huo mtu aliyemlisha, kumwogesha na kumbembeleza alikuwa bibi.

Kazi za ndani tuligawana bila kuambizana, lakini maji yalikuwa yake peke yake. Bomba la mtaani kwetu lilitoa maji likijisikia. Siku nyingine yalichotwa chemchemi, bondeni, na wauza maji wakatuletea kwa baiskeli. Yeye ndiye aliyeyapokea, aliyeyaacha yatulie, aliyeyachemsha, aliyeyapoza na kuyafunika. Alijua dumu lipi la kunywa na lipi la kuoshea vyombo, na ukikosea alikutazama mpaka ukarudisha. Mtoto alikataa maji ya mkono mwingine wowote. Nikimpa mimi alifumba mdomo akageuza shingo kumtafuta bibi yake, na bibi akija alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Mama mkwe alifurahi waziwazi, wala hakujaribu kuficha. Hakuwa na shamba tena, hakuwa na majirani zake wa miaka yote wa kuongea nao, nyumba si yake. Lakini maji ya mtoto yalikuwa yake, na naamini hicho ndicho kilichomfanya asiombe kurudishwa Heru Juu.

Madumu yetu ya kunywa yalikuwa meupe. Kambi moja ya wakimbizi ya upande wetu ilikuwa imefungwa, na vitu vya kambini vikajaa sokoni: masufuria, maturubai, mablanketi ya kijivu, na madumu hayo. Mume wangu aliyanunua kwa furaha, akayapiga kofi matako yake kunionyesha ugumu wake. "Haya si ya mafuta ya kula," aliniambia. "Haya ni ya maji tangu kuzaliwa." Yalikuwa yamekaa juani miaka sijui mingapi, na kwa nje yalikuwa na unga unga ukiyashika, lakini nani aliangalia hilo?

Kila Jumamosi mama mkwe aliyasugua. Walivyosugua kwao ndivyo alivyosugua kwetu: unatia changarawe na mchanga wa mtoni ndani ya dumu, unaongeza maji kidogo, unafunga kifuniko, unalikumbatia na kulitikisa kwa nguvu, huku na huku, juu chini, mpaka ule utelezi wa kijani ung'oke. Mkono haupiti kwenye mdomo wa dumu, kwa hiyo mawe ndiyo mkono wako. Changarawe zake alizichagua mwenyewe mtoni, ndogo na zenye kona, akaziweka kwenye kopo lake. Mtaa mzima ulijua Jumamosi imefika kwa kelele ile. Nami nilimsifu. Kwetu Muheza tulisuuza tu na kumwaga, halafu tunashangaa maji yana harufu.

Siku nilipoyaona magamba yenyewe mara ya kwanza tulikuwa na mgeni, mwalimu wa Kemia wa shuleni kwetu, mtu wa Mbeya, amekuja kuchukua mitihani niliyokuwa nimeisahihisha. Nikamletea maji kwenye glasi. Nyumbani tulikunywa kwa vikombe vya bati, glasi zilikuwa za wageni. Akaiinua, akanywa kidogo, akasita. Kisha akaigeuzia dirishani.

"Mwalimu, hivi ni nini?"

Ndani ya maji kulikuwa na vipande vidogo mno, vyembamba, vinazunguka taratibu. Vikipata mwanga vinameta, vikijigeuza vinapotea. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikamwaga, nikasuuza glasi, nikatia mengine. Vilevile. Nikachota kwenye sufuria lililochemshwa asubuhi. Vilevile, tena zaidi. Mwalimu wa watu akasema hapana shida, ni chokaa hiyo, maji ya huku yana madini, akayanywa yote kwa adabu huku mimi nikimtazama koo likipanda na kushuka.

Mume wangu alipoonyeshwa alicheka. Wanasiasa wa wakati ule walikuwa wametuchosha na habari za kujivua gamba, yaani kujisafisha, akasema basi hata maji nayo yamejivua. Tangu siku ile nyumbani kwetu vikaitwa magamba. Mama mkwe hakucheka. Aliishika glasi, akaiweka chini, akasema, "Nitasugua vizuri."

Na akasugua kweli. Aliacha kungoja Jumamosi. Nikitoka shule namkuta uani amekumbatia dumu, jasho linamtoka, mtoto kakaa kwenye mkeka anapiga makofi kwa ile kelele. Nami kila jioni natazama maji kwenye glasi, na kila jioni magamba yako palepale, na nikawa nahisi yameongezeka. Nilijiambia ni wasiwasi wangu. Halafu nikamwita mume wangu naye akasema ndiyo, yameongezeka. Nikachanganyikiwa. Kitu kinaoshwa kila siku kinachafuka kila siku, hesabu hiyo inakujaje?

Jirani yetu, mke wa mwenye duka aliyetoka Ujiji, ambaye aliuza ndoo, mabeseni, mikeka na kila kilichotoka kiwandani, alikuwa na majibu mengi. Kwanza alisema ni dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye bomba. Nikamwambia hata maji ya chemchemi yanayo. Akafikiri, akasogea, akashusha sauti.

"Mwalimu, wewe mgeni huku. Mna mtu mliyekosana naye?"

"Hatujakosana na mtu."

"Basi yupo mliyekosana naye, nyie wenyewe hamjui."

Nikamwambia aache mambo yake, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani niliwapitisha kichwani watu wote wa mtaa. Nina hasira za karibu, na hasira ikikosa mtu inatafuta yeyote. Nikamshuku muuza maji wa baiskeli. Nikashuku sufuria. Nikashuku meno yangu mwenyewe. Nikaanza kuchuja maji kwa kipande cha kitenge, kilichokunjwa mara mbili, na magamba makubwa yakabaki juu ya kitambaa kweli. Nikafurahi. Kesho yake nikaangalia glasi vizuri, nikaona nyuzi. Nyuzi fupi, nyekundu na bluu, rangi za kitenge changu kilekile. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikashika kichwa.

Katikati ya hayo mtoto akaanza kuhara. Mama mkwe alisema ni meno. Nilichokuwa nawaza mimi nakisema hapa: niliwaza tunamlisha mwanangu kitu kwa mikono yetu wenyewe, na hatujui ni nini. Alikonda siku hadi siku, macho yakawa makubwa. Tukampeleka hospitali, upande wa Kabanga, mimi na bibi yake nyuma ya pikipiki za watu, tukapanga foleni. Daktari alikuwa kijana mpole. Akatuuliza kama maji tunachemsha, mama mkwe akajibu kabla yangu kwamba yanachemka mpaka yanaruka. Choo kikapimwa, ikaonekana ni amiba, tukapewa dawa. Nikamtolea chupa niliyobeba kwenye mkoba, maji yetu yenye magamba. Akaitikisa, akaitazama kwa muda.

"Ni haya yamemfanya hivi?" nikauliza.

"Amiba haionekani kwa macho, mama. Haya ni kitu kingine."

"Yana madhara?"

Akanirudishia chupa. "Hilo sikufundishwa," alisema. Nilimheshimu kwa jibu lile, lakini nilirudi Kasulu nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mtoto alipona kwa dawa. Magamba yalibaki.

Aliyetegua nusu ya fumbo alikuwa yule mwalimu wa Kemia, na nadhani alifanya hivyo kwa aibu, kwa kuwa alikuwa ametuambia chokaa. Aliniagiza nimletee magamba yenyewe, makavu. Nikayakusanya juu ya leso nyeupe, punje kwa punje, nikamletea shuleni. Maabara yetu ilikuwa jina tu, kwa hiyo tulikwenda kwa mama anayetupikia chai, tukaazima kijiko na makaa. Chokaa isingefanya chochote kwenye moto ule, alinieleza. Chumvi ingerukaruka. Akaweka magamba kwenye kijiko, akakishusha juu ya makaa. Yakajikunja. Yakakusanyana, yakawa tone moja linalong'aa, kisha likatoa moshi mwembamba. Mama wa chai akaziba pua.

"Mnachoma mfuko wa nailoni kwenye jiko langu?"

Ilikuwa plastiki. Mwalimu wa Kemia akajaribu na zile nyuzi za kitenge changu zilizokuwa zimechanganyikana na magamba, nazo zikayeyuka vilevile badala ya kugeuka majivu, na kitenge kile niliuziwa kwa kiapo kuwa ni pamba tupu. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta jibu moja nimerudi na jambo la pili.

Plastiki, haya, lakini inatoka wapi? Nyumbani niligeuza kila kitu. Dumu plastiki. Ndoo plastiki. Jagi, beseni, kifuniko cha jagi, bomba lenyewe pale lilipotoka ukutani. Nikaenda kwa jirani nikamwambia nataka ndoo isiyo ya plastiki. Alidhani natania. Alinionyesha ukuta mzima wa ndoo, nyekundu, kijani, bluu, zimepandiana hadi kwenye dari.

"Za bati zilikwisha zamani, mwalimu. Zinashika kutu, watu hawazitaki. Labda uende kwa wazee wanaochekecha pombe."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeketi uani nafua nepi. Mama mkwe alikuwa karibu yangu na dumu lake, anatikisa. Akamaliza, akafungua kifuniko, akamimina changarawe na lile tope juu ya bati la zamani alilolitumia ili asipoteze mawe yake. Maji yakatiririka, changarawe zikabaki. Jua lilikuwa linapiga pale pale. Nikaona zile kona za mawe zimeshika vitu vyeupe vyeupe, na bati zima linameta.

Sikuinuka. Nepi ilikuwa mkononi inadondosha maji. Yeye aliosha mawe yake, akayarudisha kwenye kopo, akachukua dumu la pili.

Nilielewa, na nilipoelewa sikupata ile nafuu niliyoitarajia. Mawe yalikuwa yanaparura dumu kwa ndani, na dumu lilikuwa limechoka kwa jua, linapukutika. Tulivyolalamika zaidi ndivyo alivyosugua zaidi, na alivyosugua zaidi ndivyo magamba yalivyozidi. Lakini utelezi wa kijani nao si ungekuwa na vijidudu? Mwanangu alikuwa ameugua amiba, si plastiki. Daktari mwenyewe hakuwa na neno juu ya plastiki. Kama ningemwambia aache kusugua, ningekuwa namkinga mtoto au namrudisha kwenye kuhara? Nilifua nepi zilezile mara mbili nikitafuta jibu. Na kama ningemwambia, ningemwambiaje, kwa lugha gani, mwanamke aliyeacha shamba lake akaja kumwosha mwanangu dumu?

Nilimwambia mume wangu. Nilimwomba azunguke mbuyu kwanza, aanze na madumu, aseme madumu yamezeeka, tununue mengine. Akasema sawa. Akatoka uani, na nikamsikia anaongea na mama yake kwa Kiha, mimi niko dirishani sielewi. Hayakuwa maneno mengi. Mbuyu haukuzungukwa, hilo nililijua hata bila lugha. Halafu mama mkwe akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili alikitumia nisikie mimi:

"Kumbe nilikuwa namnywesha dumu."

Nilitoka mbio. Nikamwambia hapana mama, si hivyo, hakuna aliyejua, hata daktari hajui kama ni kitu kibaya, amiba ndiyo iliyomwumiza na amiba wewe unaiua kwa kuchemsha. Nilimwaga maneno yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza kwa heshima. "Ndiyo, mwalimu," alisema. Kisha akachukua kopo lake la changarawe, akatoka nalo, akashuka bondeni, na aliporudi hakuwa nalo.

Tulinunua madumu mapya. Tulinunua na mtungi, kutoka kwa mfinyanzi aliyeleta sokoni vyungu vyake juu ya baiskeli, na wiki ya kwanza ulitoa jasho ukalowesha sakafu, maji yakawa na ladha ya udongo, mume wangu akasema anakunywa shamba. Lakini hata maji ya mtungi yalifika nyumbani kwa dumu, na dumu lilijazwa kwa bomba, na sikuona mahali pa kuanzia ambapo plastiki haikuwa imenitangulia. Magamba yalipungua. Hayakuisha. Siku moja, kwenye jiko la chai, mwalimu wa Kemia aliniambia jambo ambalo afadhali asingesema: kwamba kama haya makubwa tunayaona, yapo madogo yake ambayo hatuyaoni, na hayo hayachujiki kwa kitambaa. Nikamuuliza yanafanya nini tumboni. Akasema hajui, na vitabu vya shule havisemi. Siku hizi naisikia habari hiyo redioni, plastiki ndogondogo zisizoonekana, ziko baharini, ziko kwenye chumvi, ziko kwenye damu za watu, na mtaalamu anapobanwa aseme madhara yake mwisho wa maneno ni kwamba bado wanachunguza. Nazima redio. Ni jibu lilelile nililopewa kwenye jiko la chai.

Kilichoniumiza hakikuwa magamba, kilikuwa mama mkwe. Aliendelea kulea, kulisha, kuogesha, kuimba nyimbo zake ambazo sikuzielewa. Maji aliyaachia. Hakununa, heri angenuna, mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza. Ulipofika wakati wa kuchemsha alikaa akanisubiri mimi au mwanawe, na tukichelewa alisema tu maji yamekwisha, kama mpangaji anayemkumbusha mwenye nyumba. Mtoto akitaka kunywa mbele yangu alimsukuma taratibu kuja kwangu. Mtoto akakataa mkono wangu, kama kawaida yake, akamrudia bibi, na bibi akakunja mikono ndani ya khanga. Nilisema, "Mama, mpe wewe." Alisema, "Mpe wewe, mwalimu. Wewe una macho." Nilidhani ananisuta kwa usomi wangu. Nilikasirika, nikaenda chumbani, nikatoka nikiwa bado sijui nimemkasirikia nani.

Halafu ikaja siku ambayo walimu tuliruhusiwa mapema. Kulikuwa na kikao kikaahirishwa, nikafika nyumbani kabla ya saa yangu. Tangu getini nilimsikia mtoto analia, si kilio cha kuanguka wala cha usingizi, kilio cha kuomba, ambacho kimeshadumu mpaka sauti inakwaruza. Nikakimbia.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kwenye jua. Mkononi alikuwa na glasi ya wageni imejaa maji, ameishika kwa mikono miwili, ameiinua juu kabisa usawa wa uso. Aliisogeza karibu na jicho, akaipeleka mbali, akaigeuza, akairudisha. Mtoto alikuwa amening'inia kwenye khanga yake, midomo imekauka, ananyoosha mkono kuelekea juu. Bibi alikuwa anamwambia maneno ya Kiha, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia.

Aliponiona alishusha pumzi.

"Umekuja. Tazama wewe. Anataka maji tangu muda, jirani hayupo wa kunitazamia."

"Mama, si ungempa tu?"

"Nitampaje? Mimi sioni kitu humu." Akanipa glasi. "Sijawahi kuyaona, mwalimu. Hata siku ya kwanza. Mlisema yapo, na mimi nikasema yapo."

Nilisimama pale na ile glasi. Huyu ni mtu aliyeniomba nimtungie uzi kwenye sindano kila alipotaka kushona kifungo, nami nilimtungia bila kuwaza. Miezi yote ile tulikuwa tumemwonyesha kitu, tumemcheka, tumemlaumu, tumemvua kazi yake kwa kitu ambacho kwake hakikuwepo. Na alitukubalia kwa kutuamini tu, akaamini mpaka akamwacha mjukuu wake alie kwa kiu.

Nikatazama maji. Kulikuwa na kitu, au hapakuwa na kitu. Kuna chembe moja ilizunguka ikapotea, inaweza kuwa gamba, inaweza kuwa vumbi la mlangoni, na hata ingekuwa gamba nilikuwa sijui linafanya nini ndani ya mtoto. Sikujua, na sijui. Nikayanywa yote mimi, palepale, mtoto akapiga yowe kuona yanaisha.

Nikaingia ndani nikachota mengine. Sikuyatazama. Nikatoka nikamwekea mama mkwe glasi mkononi, nikamfunga vidole vyake juu yake kwa vidole vyangu.

"Mpe, mama," nilisema. "Ni safi. Mpe."

Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo. Bibi yake akaishika glasi vilevile nilivyomshikisha, hakuishusha kwa mtoto, akaniinulia karibu na uso wangu, akangoja niitazame kwanza.